"Baba, mimi ndiye ninayepika": Somo la nyumbani na watoto wetu wa sekondari

Mwezi huu tunawaletea habari tuliyoikuta Kampala, mtaa wa Kalerwe. Tuliporudi tukaona inatuhusu sisi sote, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga huko.

Tulikwenda kuwasalimu jamaa zetu waliotoka hapa kambini wakaenda kutafuta maisha mjini. Kalerwe wengine mnaijua: ni soko kubwa la chakula kando ya barabara ya Gayaza, upande wa Kawempe, jirani na Bwaise, na Mulago iko karibu tu, unafika kwa miguu. Malori yanashusha matoke, viazi, nyanya, makabichi na magunia ya makaa. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba unafurika na maji yanaingia mpaka chini ya vitanda. Watu wetu wengi wanapanga chumba kimoja kimoja, Waganda wanakiita muzigo. Humo ndani mna kitanda, pazia, mabegi ya shule na ndoo za maji. Mbabula, ambayo kule wanaiita sigiri, inakaa mlangoni.

Kwenye chumba cha namna hiyo tulikuta baba na mwanawe wanabishana. Kijana alikuwa amemaliza S2 na shule imempa karatasi ya kuchagua masomo ya hiari ya S3. Yeye akaandika somo la lishe na teknolojia ya chakula. Baba alipoisoma ile karatasi akaipiga kwa kiganja.

"Nimevuka mpaka na wewe mgongoni," akamwambia, "nalipa ada kwa kubeba magunia sokoni, ili usome kupika? Wewe, mtoto wa kiume?"

Kijana alinyamaza kidogo. Halafu akasema polepole, "Baba, tangu mama afariki mimi ndiye ninayepika kila siku. Hakuna aliyenifundisha."

Hapo sisi wageni tukatazama chini. Pembeni kulikuwa na dada yake wa miaka miwili, anakula ugali kwa chai ya rangi. Ndicho chakula ambacho kaka yake alijua kukipika haraka akitoka shule.

Hilo jibu la kijana tumerudi nalo. Wazazi, tumuulize kila mmoja wetu: nani anapika nyumbani kwako wakati wewe uko kwenye foleni, shambani au kwenye kibarua? Na huyo mtoto alifundishwa na nani?

SOMO LENYEWE NI NINI?

Tanzania wanaliita sayansi kimu. Kenya ni sayansi ya nyumbani. Uganda kwa miaka mingi lilikuwa na mafungu yake: chakula na lishe, mavazi na ushonaji, na utunzaji wa nyumba. Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa S1 hadi S4, na mtihani wa kwanza wa mtaala huo ulifanyika mwaka 2024. Ndani ya mtaala huo somo la chakula linaitwa lishe na teknolojia ya chakula, na ni somo la hiari. Mtoto wa S1 na S2 ana masomo 11 ya lazima, Kiswahili kikiwemo, na anaongeza moja la hiari. Akifika S3 ya lazima yanabaki saba, na ya hiari anachagua. Kwa hiyo ile karatasi iliyopigwa kiganja ina uzito wake. Mzazi asiisaini bila kusoma, wala asiikatae bila kusikiliza.

Jambo jingine la mtaala mpya ni kwamba mtoto hapimwi kwa mtihani wa mwisho tu. Alama 20 katika 100 zinatokana na kazi anazofanya darasani mwaka hadi mwaka. Mtoto anayefanya kwa mikono, akaandika alichofanya na kueleza kwa nini, anapata alama yake hapo. Wengi wa watoto wetu walipoteza miaka ya shule njiani na Kiingereza bado kinawasumbua. Kazi ya mikono ni mahali ambapo wanaweza kuonyesha akili zao.

Na wanajifunza nini? Wengi wetu tunafikiri ni kukoroga sufuria. Kumbe wanajifunza vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, na namna ya kuvipanga kwa pesa kidogo. Wanajifunza kwa nini chakula kinaharibika na namna ya kukihifadhi, usafi wa maji na vyombo, chakula cha mjamzito, cha mtoto na cha mgonjwa. Ndani yake mna biolojia, kemia na hesabu, ila zinaingia kwa mlango wa jikoni.

MADAKTARI WA MULAGO WALIGEUKA WALIMU WA KUPIKA

Baba wa Kalerwe alitaka mwanawe awe daktari. Sawa, ni ndoto nzuri. Basi tumweleze habari ya madaktari walio karibu na mlango wake.

Zamani hospitali ya Mulago ilikuwa inapokea watoto wengi wenye kwashiakori. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi na kuwa laini, ngozi inabanduka, mtoto hataki kucheza wala kucheka. Jina la ugonjwa huu limetoka lugha ya Kiga ya Ghana, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa, yaani yule aliyeondolewa kwenye ziwa la mama. Daktari Cicely Williams ndiye aliyelileta jina hilo katika vitabu vya tiba mwaka 1935, akaonyesha kwamba watoto hao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Mtoto anashiba, tumbo limejaa, lakini mwili hauna cha kujengea.

Pale Mulago watoto walitibiwa wakapona. Shida ilikuwa kwamba dawa haimfuati mtoto nyumbani. Akirudi kwenye sahani ileile, ugonjwa nao unarudi. Mwaka 1965 ikaanzishwa pale sehemu maalum inayoitwa Mwanamugimu. Jina linatokana na methali ya Kiganda, omwana omugimu ava ku ngozi, yaani mtoto mwenye afya anaanzia kwenye mbeleko. Zamani watoto walibebwa kwa ngozi, ndiyo maana. Pale mama hakuachwa nje ya geti. Alikaa na mtoto wake, akapika yeye mwenyewe kwa vyakula vilevile anavyopata kijijini na sokoni, akaona kwa macho yake uvimbe unapungua. Chakula kikawa dawa, na mama akawa muuguzi.

Mwanamugimu ipo mpaka leo. Chakula kilichopata sifa pale kinaitwa kitobero, maana yake mchanganyiko. Hakina siri. Unachukua chakula cha kushibisha kama matoke, viazi au wali. Unaongeza maharage yaliyomenywa na kupondwa au karanga za kusaga. Unaongeza kitu cha mnyama: mukene wa kusaga, yai, maziwa au nyama iliyokatwa ndogo kabisa. Mwisho unatia majani kama dodo, yale tunayoyaita lengalenga. Unafunga kwenye jani la mgomba, unaweka juu ya chakula cha familia, kinaiva kwa mvuke wa sufuria hiyohiyo. Makaa hayaongezeki. Mtoto anapata chungu chake ndani ya chungu cha wakubwa.

Munaona? Madaktari waliosoma miaka mingi waligundua kwamba bila somo la jikoni kazi yao haimaliziki. Kwa hiyo anayemwambia mtoto "soma udaktari, achana na kupika" anatenganisha vitu viwili ambavyo Mulago waliviunganisha.

KUTOJUA KUNAUA

Tusifikiri hatari ni ya watoto wadogo tu. Mwezi wa Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu walikusanyika msibani wakala ugali wa muhogo. Katika siku hizo waliougua walifika 98, na wawili wakafariki. Wachunguzi waliona dalili za sumu ya sianidi, nayo ilitoka kwenye unga wa muhogo.

Sisi tuliotoka Kongo muhogo ni chakula chetu, tumekua nao. Bibi zetu walijua kwamba muhogo mchungu unalowekwa siku kadhaa, unamenywa, unaanikwa mpaka ukauke, ndipo unatwangwa. Hawakuita sianidi, lakini walijua. Kongo pia kuna ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, hasa upande wa Kwango na Bandundu. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri, na tena hawana chakula kingine cha kujenga mwili. Vita na njaa vinapoharakisha watu, siku za kuloweka zinapunguzwa, na hapo ndipo sumu inabaki.

Ujuzi wa bibi ulipita kutoka mkono hadi mkono. Sasa sisi tumetawanyika. Bibi alibaki kijijini, mama wengine walikufa njiani, watoto wamekulia kwenye mahema na vyumba vya kupanga. Ule mkono umekatika. Ndiyo maana tunasema somo hili kwetu wakimbizi si la anasa. Shule inafundisha kile ambacho nyumba iliyovunjika haikupata nafasi ya kufundisha.

MASWALI YA WAZAZI

Tulipozungumza na wazazi wa Kalerwe, maneno matatu yalirudi tena na tena.

La kwanza: "Kupika atajifunza kwa mama yake." Ni kweli, kama mama yupo na ana muda. Lakini mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza nyanya anarudi usiku. Tena kuna mambo ambayo hata sisi wakubwa hatukufundishwa. Wangapi kati yetu tunajua kipimo cha maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha? Ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, siyo vya kujaza mlima. Chumvi ikizidi ni hatari. Na mtoto akizidi kulegea, au akitoa damu, mkimbizeni kituo cha afya. Kalerwe maji ya Nsooba yakiingia ndani, kipimo hiki kinaokoa mtu.

La pili: "Ni somo la wasichana." Tuliwauliza wanaume wa pale sokoni: chapati za rolex barabarani anakaanga nani? Kikomando anauza nani? Wengi ni vijana wa kiume! Mahotelini wapishi wengi ni wanaume. Kumbe mwanaume akipika kwa mshahara hakuna anayecheka. Akipika nyumbani kwa ajili ya mdogo wake ndipo tunaona aibu. Hiyo aibu tuitupe. Kijana anayejua kulisha, kufua na kushona kifungo hatamtesa mke wake kesho, na hatalala njaa akiwa peke yake ugenini.

La tatu ndilo zito: "Somo hili lina gharama." Hapa wazazi wana haki. Uganda ilianza mpango wa sekondari kwa wote mwaka 2007, lakini mzazi bado ana mengi ya kulipia, na somo la vitendo linahitaji unga, mafuta, mayai na makaa. Mama mmoja alituambia binti yake alirudishwa nyumbani siku ya vitendo kwa sababu hakuleta vitu vyake, akakaa nje anatazama wenzake dirishani. Hatuwezi kusema hilo ni jambo dogo. Ushauri wetu ni huu: kabla ya kusaini karatasi, nenda shuleni umuulize mwalimu mambo mawili. Vitendo ni mara ngapi kwa muhula? Je, watoto wanaweza kufanya kwa vikundi, huyu alete unga, yule alete mboga? Mwalimu mwema atakusikiliza. Na wazazi wa mtaa mmoja mnaweza kuchanga pamoja. Kama hata hivyo haiwezekani, basi mtoto achague somo jingine bila kugombezwa, na yale ya jikoni ajifunzie nyumbani kwa njia tunazozitaja hapa chini.

MAMBO MANNE YA KUANZA NAYO NYUMBANI

Hapa kambini tunajua hali ya mgao. Mwaka 2020 ulipunguzwa, 2021 ukapunguzwa tena, 2023 familia zikagawanywa kwa makundi ya mahitaji, na mwaka 2025 karibu watu milioni moja nchini Uganda wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Wenzetu wa Kampala wengi hawakuwa na mgao tangu mwanzo, maana msaada unatolewa kwenye makambi. Kwa hiyo kila punje na kila kipande cha makaa vina thamani. Tunawaomba wazazi muwape vijana wa sekondari kazi hizi, wavulana na wasichana.

1. Daftari la nyumba. Kijana aandike kila jioni kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Tuchukue mfano wa familia yenye shilingi 10,000 kwa siku. Wakinunua chai na mandazi nje kwa 1,500 kila siku, kwa wiki ni 10,500. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya matumizi. Hakuna aliyeiona ikitoka kwa sababu ilitoka kidogo kidogo.

2. Kapu la moto. Loweka maharage usiku kucha, umwage yale maji. Asubuhi yachemshe kwa nguvu kama nusu saa. Usipunguze chini ya dakika 10 za kutokota kabisa, maana maharage mabichi yana sumu yake. Funika sufuria vizuri, iweke ndani ya kapu au boksi lililojaa majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, kisha zungushia blanketi pande zote. Iache saa kadhaa. Maharage yanaendelea kuiva bila makaa. Kabla ya kula yachemshe tena. Kijana wa S3 akiulizwa darasani joto linatoroka vipi, atakuwa na jibu.

3. Gunia la mboga. Gunia moja lenye udongo na samadi, mawe katikati ya kupitishia maji, na matundu pembeni. Unapanda sukumawiki au lengalenga juu na ubavuni. Mlangoni pa muzigo linakaa, na hapa kambini ndiyo zaidi. Maji ya kuoshea mboga yanamwagwa humo humo.

4. Sahani ya mdogo. Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Akianza kula, msimpe ugali na chai ya rangi peke yake. Kila siku kijana ajiulize: cha kujenga mwili kiko wapi? Cha kulinda kiko wapi? Kijiko cha dagaa wa kusaga na majani kidogo vinabadilisha sahani nzima. Lakini karanga zenye ukungu zitupeni, hata kama inauma. Ukungu ule una sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

TUKIRUDI KWA YULE BABA

Hatukutoka Kalerwe siku ileile. Jioni tulikaa mlangoni, baba akatuuliza maswali mengi. Alipenda kusikia habari ya Mwanamugimu, akasema amepita karibu na Mulago mara nyingi asijue. Tukamwambia pia kwamba mtoto hafungiwi njia: wapo wanaoendelea na lishe mpaka chuo kikuu, na hospitali, mahoteli na mashirika yanawahitaji watu wa namna hiyo.

Kesho yake asubuhi alimpeleka binti mdogo kupimwa. Aliambiwa miguu bado haijavimba ila uzito uko chini, na akaelekezwa namna ya kumlisha. Aliporudi hakusema kitu. Alikwenda sokoni kufanya kazi yake ya magunia, na mchana akarudi na mafungu matatu madogo: mukene, karanga na dodo. Akayaweka mbele ya mwanawe.

"Haya," akasema, "nionyeshe huyo mwalimu wako anasemaje."

Karatasi ya shule tuliiona iko chini ya kikombe mezani, bado haijasainiwa. Baba alisema kwanza atakwenda kuuliza habari ya gharama za vitendo. Tukaona amesema vizuri, maana ndivyo mzazi anavyotakiwa kufanya. Tulipoondoka, kijana alikuwa anasaga mukene na dada yake amekaa karibu na mbabula anasubiri.

Wapendwa wasomaji, kama nyumbani kwenu yupo mtoto anayepika kwa kubahatisha, kaeni naye wiki hii. Mwambieni mnayoyajua, na muulizeni anayojifunza shuleni, kwani huenda na sisi tukajifunza kitu. Mkiwa na ujuzi wa bibi zenu wa kuhifadhi chakula, sombe, dagaa au muhogo, tuleteeni tuuandike hapa ili usipotee.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.